Shemeji asilihamishe kabati likiwa zima

Ilazo, Dodoma
Januari

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku Ilazo. Sisi hatujambo, watoto wamefungua shule, na mvua inatunyeshea vizuri. Nimefurahi mno kusikia kwamba nyumba ya Nzuguni imekamilika na mwisho wa mwezi mnahamia kwenu. Hongera sana, shoga yangu. Mungu awape kukaa kwa amani.

Ila pale ulipoandika kwamba Baba Neema ameshapata vijana wa kulibeba kabati la nguo zima zima mpaka kwenye kirikuu, nimeona nisisubiri tuonane. Tafadhali mzuie shemeji. Kabati hilo lifunguliwe vipande vipande.

Unajua kazi yangu ni kufunga hizi fanicha zinazokuja vipande vipande kwenye maboksi, majumbani kwa watu, na makabati ya aina hiyo huharibika zaidi siku ya kuhama kuliko miaka yote ya kutumika. Ubao wake si mninga. Ni chembe za mbao zilizochanganywa na gundi zikakandamizwa, kisha juu ikabandikwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Mkiliburuza, au mkiliinua upande mmoja, uzito wote unahamia kwenye pini chache za pembeni, nazo zinauchana ubao kutokea ndani. Tundu likishachanika, skrubu haishiki tena. Na kile kipande cha barabara ya vumbi cha kuingia kwenu, kilivyo na makorongo wakati huu wa mvua, kitamalizia kilichobaki.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, lipige picha kwa simu: mbele, ndani, nyuma, na kila kona kwa karibu. Karatasi ya maelekezo najua ilishapotea, kwa hiyo picha ndizo zitakazokuongoza siku ya kulifunga. Kila ubao uandike kwa maka peni juu ya kipande cha seloteipu: kushoto, kulia, juu, chini. Skrubu za milango ziwe na bahasha yake, za droo na yake, uandike juu na uzibebe mwenyewe kwenye mkoba. Usimwachie dereva.

Toa vitu vyote, kisha droo. Ukiivuta droo mpaka mwisho utaona kwenye kila reli kilimi kidogo cha plastiki. Mara nyingi kimoja kinabonyezwa juu na cha upande wa pili chini, kwa wakati mmoja, ndipo droo inachomoka. Wengi hawakijui, wanaivuta kwa nguvu na reli inapinda.

Milango ni ya watu wawili, hasa ule wenye kioo. Kibandikeni kioo seloteipu kwa alama ya msalaba, ili kikipasuka vipande visiruke. Mmoja aushike mlango kwa mikono yote miwili, mwenzake afungue bawaba akianzia ya chini, ya juu iwe ya mwisho. Bawaba zibaki kwenye mlango. Zinatengana na ubavu wa kabati tu. Vaeni viatu vya kufunika vidole, si kandambili.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanaumia. Ule ubao mwembamba wa mgongoni, hadibodi, watu wanauona kama pazia la kuzuia vumbi, kumbe ndio unaolishikilia kabati lisimame wima. Ukiutoa kabati likiwa limesimama, linaweza kulala upande ghafla na kumwangukia mtu. Kwa hiyo tandikeni blanketi, mlilaze taratibu kifudifudi mkiwa wawili au watatu, ndipo mng'oe vile vimisumari kimoja kimoja kwa bisibisi bapa. Kama chumba hakina nafasi ya kulilaza, hadibodi isiguswe mpaka watu wawili wawe wamezishika mbavu zote mbili, na wasiziachie mpaka zishushwe. Neema na mdogo wake wapeleke kwa bibi siku hiyo. Na kazi isilale nusu: kabati lililolegezwa halibaki limesimama usiku kucha nyumbani kwenye watoto.

Baada ya hapo utaona vile vidude vya chuma vya mviringo vilivyozama kwenye ubao. Hivyo havifunguliwi kama skrubu mpaka vitoke. Vizungushe kinyume cha saa, karibu nusu mzunguko, utasikia vimelegea, ishia hapo. Kisha uvute ubao moja kwa moja kufuata pini, bila kuupindisha. Ukigoma, angalia kama kuna kifungo kimesahaulika. Usiupige nyundo. Na kama fundi wa kwanza alitia gundi kwenye vile vijiti vya mbao vinavyounganisha ubao na ubao, mbao hizo mbili ziacheni zimeshikana, zisafiri hivyo hivyo.

Skrubu ndefu nene zinazoingia moja kwa moja kwenye ubao, fungua kwa mkono. Drili ya betri inaweza kusaidia kufungua, lakini kwenye kufunga mimi siiruhusu kabisa, inakula tundu. Siku ya kufunga, kila skrubu kwanza uizungushe kinyumenyume polepole mpaka uhisi imedumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Tundu lililolegea litie gundi ya mbao na njiti za kiberiti, likauke, kisha funga.

Makabati madogo ya kando ya kitanda msiyafungue. Yafungeni blanketi yaende mazima, maana kila kufungua na kufunga kunayapunguzia uimara.

Kwenye kirikuu mbao zisimame kwa ubavu, kioo kikae wima kikiegemea godoro, na turubai lazima hata kama asubuhi jua linawaka. Ubao ule ukiingia maji unavimba kama andazi, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa.

Mkifika, kabati la nguo na lile kabati refu la droo la watoto yafungwe ukutani. Hili nakusihi sana. Mwaka 2016 kampuni ya fanicha ya IKEA iliwatangazia wateja wake Marekani kuhusu makabati ya droo yapatayo milioni 29, wayarudishe au wapewe vifaa vya kuyafunga ukutani, kwa sababu watoto walikuwa wameangukiwa na kufa. Mtoto anavuta droo moja, anaikanyaga, anavuta ya pili, na kabati linamfuata. Neema yuko kwenye umri huo huo wa kupanda kila kitu.

Mimi Jumamosi ya kuhama nimeiacha wazi, nitakuja asubuhi na bisibisi zangu zote. Niandikie tu kuta za chumbani ni tofali za saruji au za kuchoma, na plasta ina unene gani, nijue nije na biti ipi ya drili.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Baraka