Afisa utumishi ni wewe mwenyewe

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi, na hongera tena ya tanuri la mikate. Picha nimezionyesha hadi ofisini, sasa wananiuliza boflo la Tanga litafika lini huku.

Umeniuliza kama uajiri afisa utumishi, huyo wanayemwita siku hizi afisa rasilimali watu, maana yule wa benki amekwambia biashara ya kisasa haikosi mtu huyo. Kwa watu sita? Mshahara wake utakula faida ya mikate yote ya asubuhi. Ila kazi yake ipo, tena ipo tangu ulipomwita fundi wa kwanza aje akande unga. Wa kuifanya ni wewe. Usipoifanya, kila mmoja atajiamulia saa ya kuingia na siku ya kudai hela, na ukija kushtuka yameshakuwa mazoea.

Anza na shemeji. Najua hutaki kusikia. Umesema atakaa kaunta "kusaidia tu mpaka mambo yasimame", na maneno hayo yananitia hofu kuliko bei ya unga. Kesi zinazotuumiza kichwa huku kwetu si za wezi, ni za watu walioanza kwa kusaidia. Miezi inakwenda, hela ya sabuni inageuka mshahara, halafu mnakorofishana kwa jambo la nyumbani, yeye anasema mliafikiana laki mbili, wewe unasema ilikuwa nauli na chakula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi: kazi yake ipi, ameanza lini, anafanyia wapi, saa ngapi, analipwa nini. Mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nawe huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe mwajiri, si yeye. Karatasi moja inatosha. Kaa naye, msomee aelewe, asaini, nakala ubaki nayo. Hata akiondoka uitunze miaka 5. Akikataa kusaini eti nyinyi ni ndugu, utakuwa umemjua kabla hujamkabidhi droo ya pesa.

Na hiyo droo sasa. Jioni moja hesabu itapungua elfu kumi na tano, na mkono utakuwasha uikate kwenye mshahara wake. Maduka mengi ndivyo yanavyofanya, na wafanyakazi wananyamaza kwa sababu wanaihitaji kazi. Sheria hairuhusu kukata hivihivi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umwandikie ni kiasi gani na umekipataje, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Ukiangalia usumbufu wote huo kwa elfu kumi na tano, ni nafuu uzibe tundu lenyewe. Zamu moja, mtu mmoja kwenye droo. Anapopokea, ahesabu pesa ya chenji mbele ya anayemwachia, wote wawili watie sahihi daftarini. Droo inayochovywa na watu watatu, ikipungua utamuuliza nani? Na wewe mwenyewe usichote humo hela ya mboga bila kuandika; nakujua.

Wa tanuri ndio wa kuwaangalia zaidi, maana muuzaji utampata kesho, fundi anayejua hamira itaumua vipi siku ya mvua humpati. Kisheria usiku ni saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa wanayofanya humo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Si fedha nyingi, lakini ionekane peke yake kwenye hati ya mshahara, usiichanganye kwenye "posho". Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki; zikizidi, hiyo ni ovataimu, na saa ya ovataimu inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ratiba ibandike ukutani. Ya Ramadhani itunge mapema, usingoje mwezi uandame: wateja watahamia jioni, na mafundi wako watakuwa wamefunga huku wamesimama mbele ya moto.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, usiziahirishe mpaka "tupate faida". Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi usimkate zaidi ya nusu yake. Wa WCF unautoa wewe, yeye hakatwi hata senti. Hapo kwako kuna trei za moto na mashine ya kukandia, kwa hiyo mfuko wa fidia si wa kuupuuza.

Mengine tutaongea nikija. Huo mkataba wa fundi nitumie kabla hajausaini, nitausoma hata usiku. Na kijana wa toyo umeniambia ni mchapakazi, anajua mitaa yote hadi Pongwe. Leseni yake umeiona?

Ni mimi shoga yako wa Temeke