Barua kutoka ng'ambo ya Detroit

Windsor, Ontario
4 Mei 2025

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi tu wazima, baridi ndiyo kwanza inatuachia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Wakanada wamemkasirikia jirani yao namna ile, nikakujibu juujuu maana nilikuwa naingia zamu. Sasa nimetulia.

Nikichungulia dirishani naiona Detroit ng'ambo ya mto, kama unavyoiona Kigamboni ukiwa Kivukoni. Wauguzi wengi tunalala Kanada na kufanya kazi Marekani, kwa hiyo nawasikia wote.

Mkanada anamjua Mmarekani kama mpangaji anavyomjua mwenye nyumba: kaamkaje leo, kagombana na nani. Mmarekani yeye akiitazama Kanada anaona theluji, hoki na watu wapole, basi. Trump alipotaka Kanada iwe jimbo la 51, wenzangu wa Detroit walidhani ni mzaha. Mmoja, mtu mwema kabisa, aliniuliza tukinywa kahawa: "Kwani mngepungukiwa nini?" Aliuliza kwa upendo, na hapo ndipo iliponiuma.

Jioni ile dukani nikamkuta bibi wa ghorofa ya chini kashika kopo la nyanya. Akaligeuza, akasogeza miwani, akasoma limetoka wapi. Akalirudisha rafuni bila neno. Hasira ya Mkanada ndivyo ilivyo. Machi, maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yaliondoa chupa zote za Marekani. Kwenye hoki wimbo wa taifa wa Marekani ukazomewa, na McDavid, nyota wa Kanada, alipowafunga Wamarekani bao la ushindi la 3-2 kwenye fainali kule Boston usiku wa Februari 20, jengo letu lilitikisika. Juzi Aprili 28 chama cha Liberal, ambacho Januari watu walishakichimbia kaburi, kimeshinda uchaguzi chini ya Waziri Mkuu Mark Carney.

Ila na wao wana lao. Muulize Mkanada yeye ni nani, atakwambia kwanza yeye si Mmarekani. Atakutajia matibabu yasiyolipiwa hospitalini, na ni kweli: Detroit nimeona mgonjwa akiuliza bei kabla ya kuuliza anaumwa nini. Lakini shule za bweni, walikopelekwa kwa nguvu watoto wa wenyeji asilia, huzitaja kwa sauti ya chini mno. Hapo siwaachii.

Jumapili ijayo yule mwenzangu wa Detroit anavuka kuja kula pilau kwangu. Nimemwalika na bibi, ambaye mwaka huu kafuta safari yake ya Florida. Hawajawahi kuonana. Nitakuandikia walivyoongea.

Wako,
Rukia