Tubadilishieni vioo, fremu za chuma ziacheni

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku ambalo nimelibeba kwa miaka 19. Ile ripoti yenu kuhusu madirisha ya maghorofa ya zamani yanayolindwa kisheria kama urithi imenikera. Wasanifu walihojiwa, wahifadhi wa majengo walihojiwa, lakini hakuna mkazi hata mmoja aliyeulizwa ameamkaje.

Nakaa ghorofa ya 4 katika jengo la aina hiyo: fremu nyembamba za chuma na kioo kimoja kimoja, ukuta hadi ukuta. Nalipenda jengo hili. Lakini kioo kimoja hupoteza joto mara 4 au 5 zaidi kuliko kioo kizuri cha siku hizi cha tabaka mbili, na chuma chenyewe hakizuii baridi hata kidogo. Mwaka jana mama alikuja kukaa nasi, nikamtandikia chini ya dirisha, penye mwanga. Alfajiri nikamkuta ameketi, mto ameupakata, umelowa chepechepe. Jasho la kioo lilikuwa linatiririka hadi kwenye kona ambako puti inayoshikilia kioo imepasuka, kisha linadondoka tone kwa tone pale alipokuwa ameweka kichwa. Ukutani, ukungu mweusi. Nikapeleka picha kwa wahusika. Baada ya miezi 7 nikajibiwa: fungueni madirisha, chumba kipate hewa. Mama ana kifua, nimfungulie dirisha usiku wa baridi kali!

Siwatetei majirani waliopachika fremu nene za plastiki kinyemela. Wameharibu uso wa jengo, na sheria iwabane. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa wapi antena za simu zilipojazwa juu ya paa? Na mlango mkuu wa mbao, ule wenye kitasa cha shaba kilicholainishwa na viganja vya watu, nani aliruhusu ung'olewe, ukawekwa wa aluminiamu?

Mitaa 6 ya makazi ya namna hii huko Berlin iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na watu bado wanaishi humo. Kuna kioo cha tabaka mbili kilichoondolewa hewa katikati, unene wake milimita 8 hivi, chembamba kiasi cha kukaa katika fremu ya zamani ikishasuguliwa kutu. Kifungwe katika nyumba moja ya kona, upande unakotokea upepo. Vipimajoto viwekwe humo na katika nyumba ya jirani isiyoguswa, kwa miezi 3, na matokeo yabandikwe kwenye ngazi tuyasome wote. Na mkaguzi alale usiku mmoja katika kila nyumba, mto ukiwa chini ya dirisha.

Kwangu anakaribishwa. Kitanda kipo palepale. Mama alisharudi kwake.

Mkazi wa ghorofa ya 4