Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Wete

Waheshimiwa wanachama, Assalamu alaykum.

Kamati ilikutana mara tano, madawati ya madrasa yalikabidhiwa kabla ya Ramadhani, na misiba tulihudhuria kama kawaida. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Linalozungumzwa barazani ni mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mti ili patasi iuchonge mviringo: kwamba niliinunua bila kikao, mota haikufaa na patasi ni mbovu. Miguu ya vitanda vya samadari tulikuwa tukiipeleka Unguja kukerezwa, na faida yote ikaliwa na nauli ya boti. Mashine hii ya mtumba, pamoja na patasi zake saba, ilipatikana kwa shilingi 1,450,000 baada ya mimi kuifuata mara mbili kwa nauli yangu, ambayo mpaka leo sijaidai. Kikao sikukisubiri kwa sababu mnunuzi mwingine alikuwa amesimama pale pale na fedha mkononi.

Ni kweli kwamba mota ilikuwa ya umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, na karakana yetu ina fezi moja kama ya nyumbani. Muuzaji hakulisema, na kwake niliiona ikizunguka barabara. Kuibadilisha kuligharimu shilingi 380,000, na risiti anazo mshika fedha kwa yeyote anayependa kusoma kuliko kusema.

Ama patasi, hizo ni za chuma cha kaboni cha zamani, nazo hazikununuliwa mbovu. Siku ya mafunzo zilikandamizwa kwenye jiwe la umeme la kunolea bila kuchovywa majini, ingawa nilisema, mpaka ncha zikageuka buluu. Chuma kikifika hapo ugumu umekwenda, ikabidi kusaga karibu nusu inchi ili makali yakae tena. Mwanachama mmoja naye alianza kwa ncha badala ya kuegemeza kwanza mteremko ulio nyuma ya makali, patasi ikauma, na mguu wa kitanda wa mti wa mfenesi ukachomoka mashineni ukapiga bati la paa. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Kati ya wanachama 38, siku ya kwanza ya mafunzo walifika 11 na siku ya nne tulikuwa wanne, pamoja nami. Waliokamilisha ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi ni 13 tu. Deni la waliobaki ni shilingi 412,000, ambalo lingelipa ile mota na chenji ikabaki, na wengi wanaoihoji wamo humo; majina nimeyaacha kwa staha.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kupata mwalimu, kuongeza patasi na kutafuta kazi za mahoteli, hali itakaporuhusu. Karakana hufunguliwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na anayetaka kujifunza aje na risiti yake ya ada.