Kabla hujanunua sponji ya drili, ijue rimu yako

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Watu wananunua tu vifaa vya kufunga kwenye drili wang'arishe rimu, hata hawajui rimu yenyewe ni ya aina gani. Weka polishi ya chuma kwenye kitambaa cheupe, sugua kidogo sehemu iliyojificha, kitambaa kikiwa cheusi ujue hiyo ni alumini tupu, kisipokuwa cheusi basi huenda ina vanishi juu na hapo ni sponji laini tu, ukileta kitu kikali utaichubua. Kwenye spoku zilizobanana chukua sponji yenye umbo la koni, ile bapa haiingii. Na drili iende polepole jamani, joto linaharibu vanishi! Halafu zile sponji ambazo chuma chake kimechomoza mbele mi sinunui kabisa, kikigusa rimu tu kinakwaruza.

Msomaji wenu