Barua kwa shangazi: mtunzi wa karamu ya wadudu

Shangazi, shikamoo.

Lile shairi la wadudu walioalikwa karamuni, ambalo watoto wako wa chekechea walilipenda kwa picha zake, lina mwenyewe, na maisha yake yamenikaa moyoni.

Ni William Roscoe, aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1753. Baba yake alilima mboga na kuuza pombe. Mtoto aliacha shule akiwa na miaka 12, akawa anabeba viazi kichwani kupeleka sokoni. Baadaye akawa mwanasheria, kisha akaingia kwenye benki. Shairi lenyewe, “The Butterfly's Ball”, alimtungia mwanawe Robert. Jarida la London lililitoa Novemba 1806, na mwanzoni mwa 1807 John Harris akalichapa kuwa kitabu chenye picha za William Mulready. Unakumbuka: uyoga ndio meza, buibui anatembea juu ya kamba, fuko asiyeona analetwa na nduguye, na kimulimuli anawaangazia wageni njia ya kurudi. Enzi hizo vitabu vya watoto vilijaa maonyo. Hiki kinawakaribisha tu.

Sasa sikiliza. Liverpool wakati huo ndiyo iliyoongoza bandari zote za Uingereza kwa meli za watumwa. Matajiri waliomzunguka Roscoe walikula kwa jasho la watu wetu wa Afrika. Hata hivyo mwaka 1787 alichapisha shairi refu la kuilaani biashara hiyo, bila kuweka jina lake. Mwishoni mwa 1806, shairi la wadudu likiwa ndio kwanza limetoka, wenyeji wa Liverpool walimchagua kuwa mbunge. Februari 1807 alisimama bungeni, akasema dhidi ya mkate wa mji wake mwenyewe, akapiga kura ya kuikomesha biashara ya watumwa. Machi sheria ikapita.

Alitaka pia wafanyabiashara walipwe fidia, na hapo siko naye. Waliostahili kulipwa ni wale waliouzwa.

Aliporudi Mei, kundi la watu, mabaharia wakiwemo, lilimpokea kwa vurugu. Bungeni hakurudi tena. Mwaka 1816 benki yake ikayumba, akauza vitabu na michoro aliyokusanya maisha yake yote ili alipe madeni. Baadhi ya michoro hiyo ipo mpaka leo kwenye jumba la sanaa la Walker Art Gallery, hukohuko Liverpool. Alifariki mwaka 1831.

Shangazi, ukiwasomea wajukuu, wale wakubwa waambie na habari ya bungeni. Picha za Mulready nitakuchapishia kwa rangi, nizitume na basi la Ijumaa.

Mwanao