Barua kwa mwanangu: Ile kengele inahesabika

Tanga, Jumapili usiku

Baba,

Nimesikia una sapu mbili, mitihani miwili ya kurudia. Sikusikia kwako. Nimesikia kwa mdogo wako tukichambua mchele, alidhani najua. Matokeo yana wiki tatu tangu yatoke. Wiki tatu hizo kila Ijumaa nakuuliza chuo vipi, unanijibu "salama, mama". Sapu hazijaninyima usingizi kama hiyo "salama" yako.

Nimeona niandike, maana kwenye simu nitapandisha sauti, nawe utanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko ninakokuogopa.

Likizo ile ya gemu sina haja ya kukusimulia. Ila hujui nilichokiona mimi nyuma ya mgongo wako. Ulidhani nashona tu. Yule Malenia wa Elden Ring, mwenye nywele nyekundu na mkono wa dhahabu, nilimchukia kama jirani mbaya. Kila upanga wake ukikupata, yeye anazidi uhai; hata ukijikinga kwa ngao, anapona vilevile. Na akiruka juu, akatulia kidogo hewani kabla ya kushuka na yale mapanga mfululizo, mguu wangu ulikuwa unaacha kukanyaga cherehani.

Nilihesabu umekufa mara arobaini, nikaacha kuhesabu. Maandishi mekundu yanatokea, unarudi kwenye ule mwanga, unaanza upya. Hukurusha pedi, hukutukana. Ulichukua daftari la Fizikia ukaandika: akiruka, kimbia, akitua, piga moja, toka. Daftari hilo ninalo. "Piga moja, toka" umeipigia mstari mara mbili, kwa kuwa kila ulipotamani pigo la pili ndipo alipokumaliza. Na hakuna aliyekulazimisha. Mdogo wako ananiambia mtu anaweza kulimaliza gemu lile bila kukutana naye kabisa. Ulimfuata mwenyewe mpaka kwenye mizizi ya ule mti mkubwa anakokaa. Nilijivuna, baba, nikashindwa kusema. Mtoto mwenye subira ile asije akaniambia Takwimu imemshinda.

Lakini usiku wa mwisho ulipiga ile kengele ya ndani ya gemu, ya kuita msaada. Ukamwita yule pacha, mwenye sura yako na silaha zako, mkampiga wawili, akaanguka. Ilikuwa saa tisa kasoro, sikuwa nimelala. Nilisubiri uje uniamshe. Hukuja. Asubuhi mdogo wako anakupongeza, nikakusikia unamwambia: "Haihesabiki, nilisaidiwa."

Neno hilo nimekaa nalo kifuani tangu siku hiyo, na nalijua lilikotoka. Ni nani aliyekuwa akisema humu ndani kwamba mwanaume habebewi mzigo wake? Mwaka ule cherehani ilipoondoka, mkaambiwa imepelekwa kwa fundi, haikuwa kwa fundi. Ilichukuliwa na wenzangu wa kikoba. Ningemwambia mjomba wako mapema lingekuwa deni la laki mbili. Nilinyamaza mpaka likafika laki sita. Mdogo wako bado hajui.

Inahesabika. Nakuandikia tena: inahesabika. Mdogo wako kanionyesha habari za mchezaji mmoja anayejiita Let Me Solo Her, aliyekuwa akiingia kwenye magemu ya wenzake kuwapigania huyohuyo Malenia, hana nguo ila kitambaa kiunoni, na kichwani kavaa chungu. Mwaka 2022 alifikisha kumshinda mara 1,000, na Bandai Namco, kampuni inayoliuza gemu hilo, wakamtumia upanga wa kushika mkononi. Mimi nimewafikiria waliomwita. Malenia wao alikufa kweli, na ushindi ukawa wao.

Sasa, yule mwenzako wa chumbani uliyesema Takwimu kwake ni maji ya kunywa, umemwomba? Mwalimu wa semina umemfuata, au unamkwepa koridoni? Diskasheni unakwenda? Tafuta mitihani ya miaka ya nyuma uisome kama ulivyomsoma yule mwanamke, ujue anaruka lini. Usikariri daftari zima kwa usiku mmoja, hiyo ndiyo tamaa ya pigo la pili. Na kama bumu, ule mkopo wa chuo, limekwisha na umekopa kwenye zile programu za simu, niambie leo. Hizo zinanenepa kwa kila unacholipa, umeshapigana na kitu cha namna hiyo. Sitapiga kelele. Nitajitahidi nisipige kelele.

Halafu ile mashine ya gemu. Nilipoifungia kabatini muhula mzima na kumwambia shangazi yako, nawe umesimama pale, kwamba umeshaharibika, nilikuwa na yangu mengi kichwani. Mashine ipo, naifuta vumbi kila Jumamosi. Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo, juu ya friji. Ukija Desemba hutaniomba.

Jikoni bati limetoboka upande wa karai, nimeweka ndoo, fundi anataka elfu arobaini na sijampa. Luku inaisha haraka mno tangu mdogo wako afunge shule, pasi kutwa nzima. Yule kuku mweupe ametotoa saba, mwewe kachukua wawili. Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nimekuwekea boksi kwenye basi la kesho asubuhi, kalichukue stendi ya Mbezi kabla ya saa nane mchana. Lina karanga, dagaa wa kukaanga, mchele kilo tano na daftari lako la Fizikia. Limefungwa kwa kamba ya katani. Kopo la achari lirudi, ni la mama yako mdogo.

Usiku simu naiweka chini ya mto. Nipigie hata saa tisa kasoro.

Mama yako